Jirani ananiuzia jiko la kauri, mke wangu hataki gesi iondoke

Shikamoo mama,

Mimi ni mzaliwa wa Dodoma, na huu ni mwaka wa tisa naishi St. Paul, jimbo la Minnesota, na mke wangu na watoto wetu watatu. Nyuma ya nyumba tuna baraza la mbao, si kubwa, na hapo ndipo lilipo jiko letu la gesi la kuchomea nyama, tulilolinunua miaka sita iliyopita. Lina mirija mitatu ya moto. Tangu Aprili limenichosha. Nikiliwasha moto unakuwa mdogo kote, na hata nikizungusha vitufe mpaka mwisho, kipimajoto cha kwenye mfuniko hakivuki nyuzi 250 za Farenhaiti. Mrija wa kushoto unatoa moto wa njano. Nyama inatoka imekauka, ina rangi ya kijivu, haina hata harufu.

Sasa jirani yangu anahamia Arizona mwisho wa mwezi. Ana lile jiko la mkaa la kauri lenye umbo la yai, zito kama jiwe. Wiki mbili zilizopita alitualika. Aliweka bega la kondoo asubuhi, tukalila alasiri, mfupa ukachomoka wenyewe mkononi mwangu. Kabla sijauliza akaniambia analiuza dola 450, kwa sababu gharama ya kulisafirisha ni kubwa. Dukani jipya la ukubwa ule ni zaidi ya dola 1,000. Ni mtu mkweli. Alinionyesha mwenyewe kwamba ndani, pale mkaa unapokaa, pana ufa.

Mama, nilipoonja ile nyama nilimkumbuka marehemu baba. Jumamosi alikuwa akinichukua hadi mnada wa Msalato, ananinunulia mbavu za mbuzi, tunakula tumesimama, chumvi na pilipili basi. Nimetafuta ladha ile huku miaka yote na sijaipata. Nikarudi nyumbani nimekwisha kuamua: gesi iondoke, kauri iingie.

Mke wangu amekataa. Yeye ni muuguzi, zamu yake inaisha saa moja jioni. Akifika nyumbani anaweka samaki au kuku kwenye gesi, na baada ya nusu saa watoto wamekula. Aliniuliza swali moja tu: "Gesi ikiondoka, ni nani atakayekoka mkaa saa mbili usiku mimi nikiwa nimesimama tangu asubuhi?" Sikuwa na jibu. Nilimwambia baraza letu halitoshi majiko mawili, naye akanyamaza, na kunyamaza kwake kunaniumiza kuliko angenigombeza.

Mama yangu mzazi anakuja Septemba, na ningependa ale nyama choma ya kweli nyumbani kwangu. Vilevile dola 450 si hela ndogo kwetu; kuna mdogo wangu namlipia ada. Nishauri: nibadilishe au nisibadilishe? Ule ufa ni hatari? Na baridi ya huku, jiko la kauri litaiweza?

Mwanao,
Baba wa Watatu, St. Paul

*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilisimama pale uliposema joto halivuki nyuzi 250. Hiyo si dalili ya jiko lililokufa, kwa hiyo tuanze na gesi. Umeihukumu mapema.

Kwenye mpira unaotoka mtungini kuna regulata, kile kifaa kinachopunguza msukumo wa gesi, na ndani ya regulata kuna kinga. Mtu akifungua mtungi kwa kasi huku kitufe cha jiko kimesahauliwa wazi, gesi hukimbia ghafla, na kinga ile hufanya kazi kana kwamba mpira umepasuka: hubana njia, ikaachia gesi kidogo tu. Jiko linawaka, lakini moto ni mnyonge, na mtu anaweza kupika hivyo msimu mzima akidhani jiko limezeeka. Dawa yake haina gharama. Funga mtungi, funga vitufe, kisha ondoa mpira kwenye mtungi. Inua mfuniko, fungua vitufe vyote dakika moja ili gesi iliyobaki itoke, vifunge tena, na uliache jiko dakika kadhaa. Rudisha mpira na uukaze vizuri. Halafu fungua mtungi polepole, polepole kweli, ndipo uwashe mrija mmoja baada ya mwingine, mfuniko ukiwa wazi. Kabla ya kuwasha paka maji ya sabuni kwenye maungio. Povu likitokea mahali, gesi inavuja hapo, na usiwashe mpaka umerekebisha.

Ule moto wa njano maana yake gesi haichanganyiki na hewa ya kutosha. Mara nyingi sababu ni buibui. Wanapenda kuingia kwenye mdomo wa mrija, wanafuma utando, na hewa inakosa njia. Chomoa mrija, pitisha brashi nyembamba ndefu, zibua na vile vitundu vya pembeni. Ukikuta mrija wenyewe umetobolewa na kutu, nunua mwingine; vipuri vya jiko la kawaida, mirija pamoja na zile bati zinazoifunika, mara nyingi hupatikana chini ya dola 100. Ikiwa sanduku la jiko limeoza chini mpaka unaona ardhi, hapo kweli limefika mwisho.

Na ndiyo maana nyama yako inakuwa ya kijivu. Nyama hupata rangi na harufu ikikutana na joto kali. Kwenye moto wa nyuzi 250 na mfuniko unaopitisha hewa, vipande vidogo hukaa muda mrefu vikipoteza maji bila kuungua juu. Jiko hilo likipata nguvu yake litakupa nyama tofauti na uliyoizoea tangu Aprili, na huenda hamu ya kulitupa ikapungua. Fanya haya wiki hii, kabla hujampa jirani jibu.

Sasa tuje kwenye lile yai. Wenye nalo wanaliita kamado, neno la Kijapani la jiko la kupikia. Wanajeshi wa Marekani waliokaa Japani baada ya Vita vya Pili vya Dunia waliyapenda wakayapeleka kwao, na mwaka 1974 Ed Fisher akafungua duka Atlanta, Georgia, ndiko lilikotoka jina la Big Green Egg, chapa maarufu ya majiko haya. Ya mwanzo yalikuwa ya udongo na yalikuwa yakipasuka. Kauri ya siku hizi inavumilia zaidi.

Sisi wa pwani tunalielewa upesi, kwa sababu tumekula mkate wa mofa. Ukuta wa udongo wa tanuri hunywa joto kwanza, kisha hulirudisha taratibu kwenye mkate, hata moto wenyewe ukiwa umepungua. Lile jiko la mkaa lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980, bati nje na udongo ndani, linafuata njia hiyo hiyo, ndiyo sababu linakula mkaa kidogo kuliko la bati tupu. La kauri limeongeza mfuniko mzito usiovuja na matundu mawili ya hewa, moja chini na moja juu. Hupepei wala hupulizi. Unautawala moto kwa hewa unayoinyima. Ukiyabana matundu mpaka ubaki mwanya mdogo, joto linakaa kati ya nyuzi 225 na 250 za Farenhaiti, yaani Selsiasi 107 hadi 121, na mkaa uliojazwa mara moja unaweza kuwaka kwa muda wa saa kumi na mbili. Ukiyaachia wazi linapanda hadi 700. Hewa inayopita ni kidogo, kwa hiyo unyevu wa nyama haukimbii. Jiko la gesi haliwezi kufungwa hivyo. Ni lazima liwe na uwazi mpana nyuma ya mfuniko ili hewa iliyoungua itoke, na moshi hutoka hapo hapo.

Kwa hiyo sikulaumu kwa kulitamani. Ni jiko zuri mno. Lakini mwanangu, bega ulilokula kwa jirani na mbavu alizokununulia baba ni vitu viwili.

Bega lile liliiva limefungiwa, kwa joto la kuta na unyevu wake wenyewe. Msalato ni moto wa wazi. Harufu unayoikumbuka haitoki kwenye mkaa sana. Mkaa ukishakolea na kuvaa majivu meupe, harufu yake ni ndogo. Inatoka kwenye mafuta ya mbavu yanayodondokea kaa la moto, yakaungua, yakapanda kuwa moshi na kuishika nyama. Inatoka kwenye mbuzi aliyetembea malishoni. Inatoka kwenye mchomaji anayeiweka nyama mbali na moto, akaigeuza na kuigeuza, wala hakimbizwi na mtu. Mbuzi tunaouziwa Marekani mara nyingi katoka kwenye friza, kakatwakatwa kwa msumeno, na vipande hivyo hata ukivitia kwenye jiko la dola 1,000 vitabaki vile vile. Minnesota kuna Wasomali wengi, na mabucha yao ya halali hayako mbali na wewe. Nenda uombe ubavu mzima ambao haujapita kwenye msumeno, na uulize siku ambayo nyama haijagandishwa. Hilo pekee litakusogeza Msalato kuliko jiko lolote.

Na kama unataka moto wa wazi, jiko la kauri silo. Ukiacha mfuniko wake wazi, hewa inaingia kwa wingi, mkaa unapamba moto, na kuta zikishapata joto kupita kiasi hutalishusha kwa saa nzima au zaidi. Moto wa mnadani unaupata kwenye lile jiko la bati la duara lenye miguu mitatu, alilobuni George Stephen pale Chicago mwaka 1952 kwa kulikata boya la chuma katikati. Jipya la ukubwa wa kawaida hupatikana chini ya dola 250, yaliyotumika yapo kwa bei ya chini sana, na mtu mmoja analibeba.

Nimechelewa kulifikia swali la mkeo, nalo ndilo kubwa kuliko yote uliyoniandikia. Hakukuuliza habari za ladha. Amekuuliza habari za saa mbili usiku. Nitakujibia kwa hesabu: jiko la kauri linataka dakika 30 hadi 40 tangu kuwasha mkaa mpaka kuta zitulie kwenye joto unalolitaka. Ukiharakisha, linapitiliza. Samaki wake wa nusu saa anakuwa samaki wa dakika 60 hadi 70, watoto wakiwa wamekwisha kula mikate na kulala. Mtungi wa kubadilishia dukani una gesi kama kilo 7, unakupa saa 14 na zaidi za kupika, na hauna majivu ya kuzoa usiku wenye theluji. Kwa mtu aliyetoka wodini, hicho ni chombo cha kazi. Wewe unapika Jumamosi. Yeye anapika Jumatatu, Jumanne na Alhamisi. Anayelitumia zaidi ndiye mwenye neno la mwisho juu ya kuondoka kwake.

Jibu langu, basi: usibadilishe. Gesi irekebishwe ibaki. La kauri liingie kama la pili, au lisiingie.

Na hapo ndipo penye ule ufa. Ndani ya jiko la kauri kuna chungu kinachobeba mkaa, kimekaa peke yake, hakijashikana na ukuta wa nje. Hicho kupata ufa ni jambo la kawaida, na majiko mengi huendelea kupika miaka na miaka hivyo hivyo. Kikigawanyika kabisa unanunua kingine. Ufa wa kuogopa ni ule wa ukuta wa nje, chini au kwenye kuba la mfuniko. Nenda mchana, toa vyote vya ndani, ingiza tochi, funga mfuniko, na umwombe mtu atazame kwa nje kama mwanga unapenya. Pitisha kidole kwenye utepe wa kuzibia mdomo. Ukiwa umeungua, unabadilishwa kwa hela kidogo. Inua mfuniko polepole uone kama springi zinaushika, kwa sababu ukidondoka unaweza kuvunja mkono wa mtoto. Nusa ndani. Kama alikuwa akiwasha mkaa kwa mafuta ya chupa ya kuwashia moto, kauri imeyanywa na utayala kwenye chakula. Muulize pia juu ya dhamana, ingawa nyingi hubaki kwa mnunuzi wa kwanza tu. Kwa sababu hiyo, na kwa ajili ya chungu cha ndani utakachokuja kukinunua, mpe dola 350. Anaondoka mwisho wa mwezi na kitu cha kilo 70 na ushee hakiendi Arizona kirahisi, nadhani atakubali.

Lakini ikiwa hizo 350 ziko kwenye bahasha ya ada ya mdogo wako, mshukuru jirani na umtakie safari njema. Jiko la namna hii lililotumika litauzwa tena mtaani kwenu mwakani. Muhula wa shule hausubiri.

Ukilinunua, lisipande barazani. Lina mdomo chini, na kaa la moto likidondoka kwenye mbao usiku hutajua. Weka vitofali vya bustani chini kwenye nyasi, pasawazishe, lisimame hapo hatua kadhaa mbali na ukuta, na malalamiko ya nafasi yameisha. Kulihamisha, toeni kwanza vitu vya ndani, mbebe watu watatu, msilishike kwa bawaba wala kwa meza za pembeni.

Kuhusu baridi, linaiweza kuliko gesi. Gesi ya mtungini hupoteza msukumo baridi ikizidi, na bati jembamba la jiko halishiki joto. Kuta za kauri hazijali upepo zikishapata moto. Ila siku za barafu uliwashe taratibu. Unyevu ulioganda ndani ya kauri ukipata joto la ghafla unaweza kuipasua. Na usishawishike kulisogeza gerejini hata kama mlango uko wazi. Mkaa unatoa kaboni monoksidi, haina harufu, na imeua familia nzima zilizokuwa zinatafuta joto tu.

Jambo lingine, na hili uwafundishe watoto siku ya kwanza. Jiko likiwa na moto mkali huku umebana hewa, usifungue mfuniko kwa mara moja. Hewa mpya ikiingia ghafla mwali hulipuka kuelekea usoni. Inua kidogo, upana wa vidole viwili, subiri, rudia, ndipo ufungue.

Mkaa ununue ule wa vipande vya mti, unaofanana na wa gunia la nyumbani. Vile vitofali vya kufinyangwa vina majivu mengi, na majivu huziba tundu la chini. Washa mahali pamoja tu katikati. Joto likibakiza nyuzi 30 kufika unapotaka, anza kubana matundu. Maji usimwagie kamwe.

Usijifunzie kwenye nyama ya mama. Mwezi Agosti mpike kuku wawili watatu, mapaja na miguu, nyama ambayo mpishi akikosea haimwadhibu sana. Mkeo akiwa na siku ya mapumziko mkalishe, apikiwe. Mama akifika Septemba, tafuta ule ubavu mzima, uweke juu ya moto mdogo, mletee kiti pale kwenye nyasi, na umwachie yeye kazi ya kunyunyiza maji ya chumvi.